Naomba ushauri: mama ana mailoma, tumeambiwa apandikizwe uloto

Wakuu, niko Moshi. Mama yangu ana saratani ya uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) iitwayo mailoma, tena ya hatari kubwa: kipande cha kromosomu ya 17 kimepotea. Alianza kulalamika mgongo, tukadhani ni kazi za kihamba (shamba la nyumbani) tu. Daktari anashauri wavune seli shina zake mwenyewe (seli mama zinazozalisha damu), apewe melfalani, dawa ya kuua saratani, ya dozi kubwa, kisha arudishiwe seli hizo; ndiko kupandikizwa uloto kwenyewe. Anataka pia kipimo cha PET-CT (picha ya mwili inayoonyesha saratani ilipo) kabla na baada, maana eksirei huchelewa kuonyesha mfupa ulioliwa.

Kuna aliyeuguza mgonjwa wa hivi, Muhimbili au India? Alilazwa siku ngapi? Nyumbani mlimkinga vipi na maambukizi? Bima ililipa nini? Naogopa kumtesa mama, na kuchelewa naogopa zaidi.