Nina saruji mifuko 80 na sina gari, niko Kigoma. Naombeni ushauri

Ziwani84
Wakuu habari za usiku. Usingizi umenikataa, ndiyo maana naandika saa hizi. Nimenunua vifaa vya ujenzi hapa Mwanga: saruji mifuko 80, bati 45 za futi 10 geji 30, nondo 30 za milimita 12, misumari na mbao kidogo. Gari sina, na mtu wa kuniazima gari sina. Vitu vyote viko kibarazani kwa shemeji. Amenipokea kwa moyo mweupe, lakini juzi mvua ilipiga ya ubavu ikalowesha mifuko miwili ya ukingoni, tangu hapo kila nikisikia radi roho inaruka. Nipeni mbinu za kufikisha mzigo saiti kwa gharama nafuu. Nyumba ni ya mama, vyumba vitatu. Natanguliza shukrani.

Fundi Mlole
Hongera kwa kumkumbuka mama. Jibu ni kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) au guta la magurudumu matatu, lakini piga hesabu ya uzito kabla ya kuita mtu. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 80 ni tani 4. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 11, zako 30 ni zaidi ya kilo 300. Kirikuu kule Japani kimeundwa kubeba kilo 350, yaani mifuko saba. Hapa kwetu tunakipakia 20 halafu springi zikikatika tunalaumu barabara. Guta mpe mifuko 10, asikudanganye kwamba anabeba 20, kwenye mlima ataomba watu wa kusukuma na utawalipa wewe.

Nondo wasikunje kama wanavyozoea, ile ya kuipiga katikati mpaka miguu miwili inagusana. Pale kwenye kona chuma kimeshachoka, ukija kuinyoosha unakichosha mara ya pili. Chukua vipimo vya linta zako, yaani ile mikanda ya zege juu ya milango na madirisha, ukate hapohapo. Kwenye maungio zipandane sentimita 60 kwa nondo ya 12. Vipande vya mita nne guta linabeba, funga kitambaa chekundu nyuma.

Saiti iko wapi?

Mnyamwezi wa Isevya
Mimi nilijenga Tabora, Isevya, kwa baiskeli. Sina cha kuongeza chumvi hapo. Nilikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, asubuhi nikitoka kazini napitia dukani, mfuko mmoja kwenye keria, mwingine kwenye fremu, nasukuma kwa miguu. Njia yetu ni tambarare, lakini ina mchanga unaomeza tairi. Ndani ya miezi miwili nilimaliza msingi. Siku moja keria ilikatika mbele ya msikiti, mfuko ukapasuka, na wazee waliokuwa wanatoka swala wakanisaidia kuikusanya ile saruji kwa mikono yao mpaka ya mwisho. Wawili wameshatangulia mbele za haki, na nikiingia ndani kwangu nawakumbuka. Kaka, usidharau baiskeli.

Bint Ujiji
Mie swali langu ni moja tu: kwa nini umenunua vyote kwa mkupuo? Saruji si mchele, kaka yangu. Ikikaa miezi mitatu penye unyevu inaanza kuganda na nguvu imepungua. Hapo ulipoiweka, iko juu ya sakafu au juu ya mbao? Imegusa ukuta? Watu tunajenga kwa mihemko. Marehemu baba alikuwa ananunua mifuko mitano, inaingia ukutani siku hiyohiyo, ndipo anaenda kutafuta mingine.

Ziwani84
Dada Bint Ujiji, nimekusikia, iko juu ya mbao na nimeiachia nafasi ukutani. Nilinunua vyote kwa sababu niliuza mawese ya msimu mzima, na hela mimi nikilala nayo inaondoka. Leo msiba, kesho ada, keshokutwa mtoto wa dada anaumwa. Nikaona bora igeuke bati. Hapo sijutii.

Fundi, nashukuru kwa la nondo, sikulijua. Saiti si mbali sana.

Fundi Mlole
Si mbali sana ni wapi? Gungu? Mwandiga? Bei ya guta inategemea hilo, na ushauri pia.

Ziwani84
Nitakueleza. Nilitaka kwanza nijue kuhusu guta.

Mama Dagaa
Ndugu yangu, umekuja kuomba ushauri au umekuja kujificha? Mtu ambaye saiti yake iko Gungu hakosi usingizi.

Ziwani84
Sawa mama. Saiti ni kijijini kwetu, ufukweni, ukishapita Gombe. Gari halifiki. Ni guta mpaka Kibirizi, pale ufukweni boti zinapopakia, kisha boti. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaanza kunitisha na ziwa, nami nimezaliwa kwenye maji hayo.

Baharia Mstaafu
Basi mazungumzo yanaanza hapa, yote ya juu yalikuwa ya barabarani.

Nimefanya kazi Ziwa Tanganyika miaka mingi. Vijana wanaiona meli ya Liemba pale bandarini, hawajui ilifikaje. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Meli nzima ilikuja kama mzigo wa mafungu. Na ilipokuwa inazunguka vijiji visivyo na gati ilisimama mbali kidogo, mitumbwi ikaifuata, saruji ikashuka mfuko kwa mfuko. Mzigo mkubwa hugawanywa, hivyo ndivyo ziwa hili lilivyobeba vitu siku zote.

Kuhusu boti lako. Saruji ikae chini, katikati, juu ya mbao, maana maji yanayojikusanya sakafuni (wenzetu wa Pwani wanayaita ngama) yataila mifuko ya chini kabla hujafika. Turubai juu. Bati zilale, zifungwe kamba mbili, zisisimamishwe wala kutokeza ubavuni. Bati 45 zikishikwa na upepo ni tanga ambalo hukuliomba.

Mama Dagaa
Mimi napanda boti hizo kila wiki na magunia ya dagaa. Nakuuliza kama mzazi: umeongea na boti lipi? La mzigo au la abiria? Na linaondoka saa ngapi?

Ziwani84
Nimeshatoa advansi ya 150,000. Ni boti la abiria, mwenyewe namfahamu, ni mtu mzima na hajawahi kupata ajali. Tumekubaliana vyote viende safari moja. Kwa mafungu gharama inakuwa mara tatu: guta, wapagazi wa huku, nauli, wapagazi wa kule. Hesabu mnaiona wenyewe. Tunaondoka saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, ziwa huwa limetulia.

Fundi Mlole
Saa nane usiku kwa sababu ya utulivu tu?

Ziwani84
Na kwa sababu mchana hawawezi kuruhusu mzigo wote ule pamoja na watu.

HesabuKwanza
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai, uongo mtupu. Tazameni: kaanza na Mwanga, kaja "si mbali", sasa Gombe, sasa usiku wa manane. Kila mtu akiuliza, hadithi inaongezeka chumba. Kesho ataandika boti limezama, anaomba michango. Nimeshaona nyuzi za namna hii, na mwaka jana nilichangia mmoja kwa hela yangu halali. Kama kweli wewe ni mtu wa ziwani, tueleze saruji inavyopandishwa botini pale Kibirizi. Usitafute mtandaoni, tueleze ulichokiona.

Bint Ujiji
HesabuKwanza, muache kwanza, mtu ana shida.

HesabuKwanza
Nimuache vipi? Ajibu.

Ziwani84
Nitajibu.

Boti halikai kavu. Linasogezwa pua mpaka linagusa mchanga, likishapata mzigo wanalirudisha nyuma lielee, kwa hiyo mifuko ya mwisho inapelekwa na mtu aliyezama mpaka kifuani. Unawekwa ubao kutoka ufukweni, lakini ubao huo ukishalowa ni utelezi, wapagazi wengi hawautumii. Anavua shati, analikunja ngata kichwani, mfuko juu, mkono mmoja umeshika, mwingine unapima maji. Kijana aliyenipakilia mifuko minne ya majaribio mwezi uliopita, vumbi la saruji lilimchanganyikia na jasho shingoni likawa ganda la kijivu, alipogeuza kichwa likapasuka kama udongo wa mbuga. Akatabasamu akaniambia, "Mzee, mimi nimeshajengwa." Nilimpa mia tano juu ya bei. Pembeni akina mama walikuwa wanageuza dagaa kwenye chanja na wanatupigia kelele tusiwamwagie vumbi.

Hiyo ndiyo Kibirizi yangu. Sitaki mchango wa mtu. Na kwa kuwa nimeitwa mwongo nitasema na lililobaki. Jumamosi nasafiri na mama. Alikuja mjini kutibiwa macho, anarudi nyumbani. Alisema atakaa juu ya saruji yake mwenyewe ailinde. Niliona vizuri afike pamoja na nyumba yake.

Mama Dagaa
Mwanangu.

Sikia. Boti la abiria likijaza, watu wanakuwa si chini ya 30, ongeza magunia yao. Wewe unaongeza zaidi ya tani nne, usiku, ili asionekane wa kulizuia. Wale watu 30 hawajui mapatano yako na mwenye boti. Kuna mtu atapanda na mtoto mgongoni akiamini kila kitu kiko sawa.

Baharia Mstaafu
Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa jirani kabisa na gati la Ukara, kule Ziwa Victoria, watu wanakiona kutoka nchi kavu, na walikufa zaidi ya 200. Ilikuwa mchana. Kilikuwa kimezidiwa. Sikutishi na ziwa, umezaliwa nalo kama mimi. Nakwambia habari ya uzito. Saruji haielei na haisogei kwa utaratibu. Boti likilala upande mmoja, mfuko wa kwanza ukiteleza, wa pili unaufuata.

Mwenye boti kukwambia mtoke usiku kwa sababu mchana hawawezi kuruhusu, hiyo peke yake ilitosha kukunyima usingizi. Nafikiri ndiyo iliyokunyima.

Ziwani84
Na advansi?

Mama Dagaa
Advansi ibadilishe matumizi. Mwambie ile 150,000 ni nauli ya mama na ya bati peke yake, mchana, watu wachache. Saruji itafutie boti zinazoleta ndizi na mawese mjini. Zikishashusha zinarudi nyepesi, mwenyewe anatafuta cha kujazia, hapo ndipo bei inashuka. Mimi magunia yangu matupu na chumvi ya dukani nayarudisha hivyo. Nenda pale asubuhi, usimtume mtu, ongea na nahodha mwenyewe siyo dalali.

Fundi Mlole
Na kwa nini unapeleka mifuko 80 wakati msingi haujachimbwa? Msingi wa vyumba vitatu kwa mawe ya hukohuko uanze na 25. Mawe na mchanga usivipeleke hata kidogo, omba kibali serikali ya kijiji uvipate kule. Mchanga wa mtoni uoshe, ukiushika ukabaki na tope kiganjani haujafaa. Bati ni za mwisho kabisa, zikae kwa shemeji zikiwa kavu. Usizifungie kwenye nailoni zikiwa na maji katikati, zitaota unga mweupe na ung'aavu umekwisha.

HesabuKwanza
Ziwani84, ile habari ya ganda la shingoni nimeikubali. Niliwahi kupakua saruji Mpanda nikiwa na miaka 19, mtu hawezi kuitunga. Niwie radhi. Lakini mama asipande usiku, hilo nasimama nalo.

Mnyamwezi wa Isevya
Mifuko 25 kwa mara moja ni safari tatu za guta mpaka Kibirizi. Ungekuwa na baiskeli ningekwambia kumi na mbili na nusu. Mungu akutangulie.

Ziwani84
(siku nne baadaye)
Nimerudi. Mwenye boti alikasirika, kisha akakubali kurudisha 60,000, nyingine amesema ni nauli na fidia yake. Sikubishana. Mama amesafiri jana mchana, boti halikujaa, amekaa pembeni na mfuko mmoja tu wa saruji miguuni kwa sababu alikataa kuondoka mikono mitupu. Amenipigia, kafika, amesema ziwa lilikuwa kimya.

Leo asubuhi nahodha wa boti la ndizi amechukua 25. Nimeingia majini mwenyewe, nimetandika mbao, nimefunika turubai, mfuko mmoja umelowa pembeni. Vijana wa kule wameshaanza kukusanya mawe. Iliyobaki, pamoja na ile miwili iliyonyeshewa, shemeji ameihamishia chumba cha watoto, na watoto wanalala sebuleni.

Fundi Mlole, vipimo vya linta ninavyo. Kuna anayekata nondo hapa Mwanga Jumapili?

Fundi Mlole
Yupo. Nitumie ujumbe, nitakwenda nawe.