Kupandikiza nywele Istanbul kisha kuuguza Mwanza: siku 10 za kwanza zinaendaje?

Mkazi_Buswelu

Wakuu, habari za jioni. Nimepangiwa upandikizaji wa nywele Istanbul, ule wa FUE, wa kutoboa mzizi mmoja mmoja kutoka kisogoni. Kliniki imekadiria vipandikizi 1,800 kwa eneo la mbele, kama sentimita 8 kwa 5 hivi, pamoja na zile pembe mbili. Siku ya kwanza upasuaji, ya tatu wananiosha kichwa, ya nne niko kwenye ndege ya kurudi.

Shida yangu ni karatasi ya maelekezo. Imeandikiwa mtu anayetoka kwenye lifti na kuingia kwenye treni. Haisemi kitu kuhusu bodaboda ya Buswelu hadi mjini kila asubuhi, wala maji ya simtanki, wala jua letu hili. Mimi ni mtu wa swala tano, na kusujudu nako sijui inakuwaje. Na kuoga ziwani je, baada ya muda gani? Halafu wanasema nywele zitadondoka na nisiogope. Sasa nitajuaje ipi ni ya kawaida na ipi ni hasara? Mwenye kuijua kazi hii kwa undani anisaidie.

---

Wodi_Namba_4

Mkuu, ukielewa kitu kimoja mengine yatajipanga yenyewe. Kila kipandikizi kimewekwa kwenye kitundu chembamba kisichozidi milimita moja hivi. Hakuna uzi wala gundi inayokishikilia, ni damu iliyoganda tu. Siku 3 za mwanzo ukikigusa kwa kidole kinaweza kutoka. Kufikia siku ya 6 unywele ukivutwa wenyewe kipandikizi hubaki, ila kigaga kikibanduliwa kwa nguvu bado kinaweza kuondoka nacho. Kuanzia siku ya 9 au 10 kimeshika. Kwa hiyo swali lolote la "naruhusiwa kufanya hivi?" lipime kwa hesabu hiyo.

Kulala: mito mitatu, mgongo umeinuka nusu kuketi, na ule mto wa shingo wa safarini ili kichwa kisigeuke. Fanya hivyo usiku 7. Hapa kuna jambo ambalo karatasi ya Istanbul haiwezi kulijua, nalo ni chandarua. Ukiingia kitandani kwa kupenya chini yake, wavu unakukwangua utosini hadi kwenye paji. Kifunge juu zaidi, mtu akuinulie upande mmoja wote, uingie kwa makalio kwanza na kichwa mwisho. Hakikisha pia hakijalegea katikati kikakugusa usiku. Usikiache kabisa, maana kichwa chenye ganzi hakisikii mbu, na asubuhi mkono unaenda kukuna wenyewe.

Kupulizia: nunua maji ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9, chupa ya mililita 500 duka la dawa. Usichanganye chumvi ya jikoni. Mimina kwenye chupa safi inayotoa ukungu, si inayorusha mchirizi. Pulizia ukiwa umbali wa shibiri moja, kila saa moja au mbili ukiwa macho, siku 3 hadi 4. Chupa ikishafunguliwa, kilichobaki baada ya saa 24 kimwage, hakina dawa ya kuzuia vijidudu.

Kuosha: maji ya bomba au ya tangi, yote chemsha, yafunike yapoe hadi uvuguvugu. Shampuu iwe ya watoto. Toa povu kwenye kiganja, litue juu ya eneo lililopandwa kwa kugusisha tu, liache dakika 10, kisha mwagia kwa kikombe taratibu ukikishikilia karibu na kichwa. Bomba la mvua hapana hadi siku ya 10. Kisogo unakikausha kwa kugandamiza taulo, mbele pakauke kwa hewa. Siku ya 8 unaanza kuzungusha ncha za vidole polepole sana (ncha, si kucha), na kufikia siku ya 12 vigaga vyote viwe vimeondoka. Nywele za kipilipili hushikana na vigaga kuliko nywele laini, hivyo lowesha dakika 20 hadi 30 kabla ya kugusa. Watu wengi hukosea upande wa pili: wanaogopa kugusa hadi wiki ya 3, uchafu unaganda juu, chini yake vinaota vipele vya usaha.

Uvimbe: siku ya 2 hadi ya 5 paji linaweza kuvimba, kisha uvimbe ukashuka machoni. Si maambukizi. Ni maji ya sindano za ganzi yanayotafuta njia ya kushuka. Barafu iliyofungwa kitambaani weka juu ya nyusi, kamwe si juu ya vipandikizi.

Ndiyo maana kusujudu kusubiri. Ukiinamisha kichwa chini ya moyo unasukuma damu na maji yote mbele, na paji likigusa mkeka unaweza kuacha vipandikizi vya mstari wa mbele pale pale. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, na kiti kinatosha hadi siku ya 10. Kupaka maji kichwani wakati wa kutawadha muulize shehe wako, ila kwa upande wa kidonda, kiganja kisipite juu ya eneo hilo.

---

Igoma_Stendi

Niongezee la usafiri. Helmeti ya bodaboda ni ya abiria 40 kwa siku, ina jasho la kila mmoja na pengine mapunye ya mmoja wao. Kwa kichwa chenye matundu 1,800 mbele na mengine 1,800 nyuma, hiyo siyo helmeti ya kuvaa. Na kupanda bila helmeti si jibu, ni kosa la barabarani na ni hatari. Kwa hiyo wiki 3 za kwanza ni bajaji au daladala, basi. Baada ya hapo nunua yako, inayokukaa vizuri, na bitana yake iwe ya kutoa ukafua.

Lakini Hiace nayo ina adui wake: ukingo wa juu wa mlango. Kugonga kichwa ni njia ya kawaida kabisa ya kupoteza vipandikizi, na ganzi ya ngozi huchukua wiki kadhaa kuisha, kwa hiyo hutajua umegonga mpaka uone damu. Kaa siti ya mbele kwa dereva. Ukikosa, tanguliza mkono kwenye ule ukingo, ndipo kichwa kifuate.

Kofia ni ile pana, legevu, isiyogusa juu. Barakashia ya kubana isubiri siku ya 10 au zaidi. Jua la Mwanza usilipime kwa joto. Kuna upepo wa ziwa hivyo unajiona umepoa, kumbe tuko karibu na ikweta na mwinuko wetu unazidi mita 1,100. Ngozi nyeusi iliyojeruhiwa ikipigwa jua inaweka madoa meusi ya miezi. Mwavuli ni bora kuliko kofia. Mafuta ya kukinga jua yasubiri mwezi mmoja, ngozi ifunge kwanza.

---

Mashine_Sifuri_Kirumba

Nazungumzia kisogo, maana kila mtu anatazama mbele tu.

Kwanza, hesabu yako. Sentimita 8 kwa 5 ni 40 za mraba. Gawa 1,800 kwa 40, unapata 45 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa nywele za kipilipili hiyo ni nyingi. Unywele wetu unajikunja na kufunika eneo kubwa, 25 hadi 35 mara nyingi zinatosha kuficha ngozi. Mzizi uliotolewa kisogoni hauoti tena pale, umehamishwa. Upara ukiendelea kurudi nyuma ukiwa na miaka 45 utahitaji akiba hiyo. Waulize kwa nini 1,800, na kama sehemu ya zile 10 zilizozidi inaenda kujaza picha ya tangazo.

Pili, mzizi wetu umepinda chini ya ngozi kama ndoana. Ncha inayotoboa ikishuka wima inaukata katikati, na kipandikizi kilichokatwa hakioti. Daktari anayejua nywele za Kiafrika hujaribu vipandikizi vichache kwanza, anavitazama kwa hadubini, akiona vingi vimekatwa anabadili pembe au anachukua ncha pana kidogo, karibu milimita 1 au zaidi. Waulize wazi: mnafanya jaribio hilo? Na nani anayetoboa, daktari au fundi wake?

Tatu, una vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyotokea baada ya kunyoa? Au kovu lolote la mwilini, hata la kutoga sikio, lililovimba kuzidi jeraha lenyewe? Kama ndiyo, waambie kabla hujalipa nauli. Keloidi ya kisogoni ni tatizo kubwa kuliko upara.

Ukirudi, usikae kwenye kiti cha kinyozi akakupaka spiriti "iuwe wadudu". Kisogo kinaweza kupitishwa mashine yenye kitana baada ya mwezi. Sehemu iliyopandwa ni mkasi kwanza. Mashine miezi 3 au zaidi, kadiri daktari atakavyosema. Wembe usahau mwaka huu.

---

MamaLishe_Tiba

Mbona mnamtisha kijana wa watu. Maji ya kitunguu na mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni kuanzia siku ya kwanza, nywele zinatoka haraka.

---

Wodi_Namba_4

Hapana, dada. Kitunguu juu ya matundu mabichi ni kuunguza ngozi, na mafuta yanalainisha ile damu iliyoganda ambayo ndiyo inashikilia kila kitu. Nyonyo baada ya miezi 2 kama anaipenda kwa kulainisha nywele, sawa. Wiki mbili za mwanzo hakuna kitu juu ya kile kichwa zaidi ya maji ya chumvi, shampuu na alichoandikiwa.

---

Twende_Kilioni

Kwa akina dada wanaosoma hapa, yetu ni tofauti kidogo. Nywele zilizokatika pembeni kwa kusuka kwa kukaza zinaweza kupandikizwa, lakini baada ya kuacha kusuka hivyo na kuona hali imetulia muda mrefu. Ukipandikiza kisha ukarudi kwenye rasta nzito, unang'oa tena. Na kama upara umeanza katikati ya utosi na ngozi inang'aa bila vitundu, usikimbilie upasuaji. Daktari wa ngozi akate kipande kidogo kipimwe, kwa sababu ugonjwa unaoacha makovu ukiwa bado hai utaua na vipandikizi vipya. Finasteridi, ile dawa ya wanaume ya kuzuia upara, si dawa ya mwanamke anayeweza kushika mimba, hata kama mume anayo kabatini.

---

Mkazi_Buswelu

Asanteni sana. Hiyo hesabu ya 45 nimeshawatumia, nasubiri majibu. Vipele vya kisogoni sina. Bado ndege, homa, ziwa, na kudondoka.

---

Wodi_Namba_4

Ndege: usiinue begi kuweka juu ya siti, kukaza nguvu kunapandisha shinikizo la damu kichwani na pale juu kuna milango ya kugonga. Mwombe mhudumu. Chupa ya kupulizia isizidi mililita 100 ndiyo inapita ukaguzi. Hewa ya ndani ni kavu, pulizia kila saa. Simama utembee. Usijipe aspirini ya "kuzuia damu kuganda" bila daktari, itafanya kisogo kivuje. Hata ibuprofeni ulizia. Maumivu kwa kawaida parasetamoli inayamaliza. Ukipata kwikwi isiyoisha siku ya pili usishangae, hutokea baada ya upasuaji huu na huisha yenyewe.

Homa: hapa kwetu kila homa ni malaria hadi ithibitike vingine, na huo ndio mtego. Upasuaji ukienda vizuri hauleti homa ya nyuzi 38. Ukiipata pima malaria, na siku hiyo hiyo kichwa kitazamwe. Wekundu unaosambaa, usaha, maumivu yanayozidi baada ya siku ya 4 badala ya kupungua, au doa linaloiva kuwa la zambarau kisha jeusi katikati ya eneo lililopandwa: nenda hospitali, ya wilaya au Bugando, usingoje Istanbul wakujibu WhatsApp. Doa jeusi maana yake ngozi inakosa damu, na hutokea zaidi kwa wavuta sigara, wenye kisukari, na waliopandwa kwa kubananisha mno. Sababu nyingine ya kuuliza kuhusu ile 45. Kabla hujaondoka kule chukua karatasi yenye idadi ya vipandikizi, ganzi iliyotumika na dawa zote ulizopewa.

Ziwa: mwezi mmoja kamili. Maji ya ufukweni yana bakteria wa kutosha kwa kidonda kichanga, ukiacha kichocho ambacho hakijali una kidonda au huna. Bwawa la kuogelea la hoteli, muda ule ule kwa sababu ya klorini.

Kudondoka: tazama kiganjani. Kigaga kimetoka na unywele mfupi, mkavu, hakuna damu mahali kilipotoka: kawaida, mzizi umebaki ndani. Kimetoka na kijinyama cheupe na tone la damu mbichi, hasa kabla ya siku ya 9: hicho umekipoteza. Bonyeza shashi safi dakika 10, na usijaribu kukirudisha. Vitatu au vinne kati ya 1,800 havionekani.

Kati ya wiki ya 2 na ya 8 karibu nywele zote zilizopandwa hudondoka, na hata baadhi ya zako za zamani pembeni yake. Mwezi wa 2 unaweza kuonekana vibaya kuliko kabla ya upasuaji. Mwezi wa 3 au 4 zinaanza kuchomoza, nyembamba. Zetu zilizojikunja hukwama chini ya ngozi zikafanya vipele. Kitambaa cha maji ya moto dakika 10 mara mbili kwa siku, bila kukamua. Picha piga kila mwezi, mahali pale pale na mwanga ule ule, ulinganishe mwezi wa 12.

---

Mkazi_Buswelu

Wamejibu. Wamesema 1,400 zinatosha, ila bei haibadiliki.

---

Mashine_Sifuri_Kirumba

Chukua 1,400. Ni 35 kwa sentimita. Na jaribio la vipandikizi vya kwanza, hawajalijibu?