Naomba ushauri: usiku niko peke yangu wodi ya wazazi

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi mkunga, kituo cha afya wilayani. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa kwa kila mama mwenye uchungu. Wakija watatu kwa mpigo na mmoja anavuja damu, partogramu (chati za kufuatilia uchungu) za wengine zinabaki tupu, na likitokea la kutokea anayeulizwa ni mimi. Nimechoka mpaka usingizi hauji hata nikiwa ofu. Likizo ya siku 28 ninayostahili kisheria inasogezwa tu. Mganga mfawidhi ni muungwana, ila hana watu.

Nimwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya, au niombe uhamisho? Na wale akina mama nitamwachia nani? Waliopitia haya naombeni mnielekeze, hasa namna ya kujilinda kimaandishi.