Tanki la maji ya chumvi limeshika utelezi mwekundu, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mgeni_Donholm: Hamjambo wanajamvi. Nina tanki la samaki la maji ya chumvi, lita 200, wiki ya tano sasa. Mwanzo mchanga ulishika vumbi la kahawia, likaisha lenyewe. Sasa kuna utelezi mwekundu kama maini umefunika mawe. Nikiuvuta unatoka vipande vipande kama utando wa maziwa, kesho yake umerudi na vipovu juu. Samaki wanne, wazima. Taa sawa, chakula sawa. Nitaumaliza vipi haraka? Jumamosi nina wageni.

MamaWawili: Samaki wa kuangalia tu? Kwetu samaki wanne ni chakula cha jioni.

Kisauni_Damu: Lile la kahawia lilikuwa diatomu, vimelea vidogo vya mwani, tanki jipya lazima lipitie. Huu mwekundu hata si mwani, ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, hupenda uchafu na maji yasiyosukumwa. Taa inawaka saa ngapi kwa siku? Chakula mara ngapi? Na maji ulitoa wapi?

Mgeni_Donholm: Taa saa 14, usiku inapendeza. Chakula mara tatu. Maji ni ya bahari, safi kabisa.

Kisauni_Damu: Bahari ni kubwa, kaka. Wapi?

Mgeni_Donholm: Haya. Binamu alichota Mombasa, pale pale ufuoni, asubuhi baada ya mvua. Jerikeni kumi na mbili, zikapanda basi la usiku. Lakini si samaki wanaishi humo humo? Mbili zilizobaki najazia maji yakipungua.

Fundi_Pasi: Unajazia maji ya chumvi? Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki! Haidromita, kile chombo cha kupimia chumvi, inasema ngapi?

Mgeni_Donholm: 1.030. Nilidhani ni ubovu wa chombo.

Fundi_Pasi: Bahari ni 1.025 hivi. Shusha polepole, siku kadhaa, kwa maji yasiyo na chumvi. Usitumie ya kisima. Nenda kwa wale wanaojaza mitungi ya maji ya kunywa, uulize kama maji yao yanapita kwenye RO, chujio linaloondoa chumvi na madini, na kama wanaongeza madini. Taa iwake saa 8 tu kwa siku. Chakula mara moja, kinachoisha kwa dakika mbili. Nyonya utelezi kwa mpira, badilisha lita 30 kila wiki, pampu ielekee pale utelezi unapoota. Baada ya wiki chache utaona tofauti.

Babu_wa_Limuru: Mimi nilichimba bwawa la tilapia, ndege wakamaliza wote. Vijana, kiumbe akae alikoumbiwa.

Mgeni_Donholm: Wiki chache sina, nina siku nne. Nimesikia erithromaisini, ile dawa ya kuua bakteria, inaufuta kwa siku mbili. Nimeshanunua.

Kisauni_Damu: Usiitie! Utelezi utakufa, ndiyo, lakini dawa inaweza kuua pia bakteria wanaomaliza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki. Na utelezi ukioza unakula oksijeni. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yetu hayashiki hewa kama ya Pwani.

Mgeni_Donholm: Vidonge viwili viliingia jana usiku. Sikutaka kelele. Samaki ni watatu sasa.

Jicho_Kali: Mimi nacheka tu. Kila akibanwa anatoa kisa kipya. Si wewe mwezi jana ulilia kuku wako wamekufa wote, uzi ukaishia kwa kuuza mashine ya kutotolea vifaranga? Kesho tutaambiwa tanki linauzwa bei ya kutupa.

MamaWawili: Ni yeye! Na mimi nilimpa pole siku ile.

Mgeni_Donholm: Kuku walikufa kweli. Picha ya tanki hii hapa.

Jicho_Kali: Picha haifunguki. Kama kawaida.

Fundi_Pasi: Mtu wa kubuni hawezi kubuni 1.030.

Kisauni_Damu: La kweli au la uongo, usiku huu weka pampu ya hewa, tia kaboni, mkaa wa kunyonya dawa, kwenye chujio, upime amonia. Ikionekana, badilisha maji leo leo. Ni wageni gani hao wa kuulia samaki?

Mgeni_Donholm: Wazazi wa mchumba. Niliwaambia nimefuga samaki wa bahari mwaka mzima.

MamaWawili: Sasa nimekuamini. Hiyo mashine ya kutotolea bado iko?