Tupeane uzoefu: bodi nyingi za USB kwenye kompyuta moja ya Linux

Mwenye mada, Umoja
Wadau, naanza mimi. Nina bodi tatu (zile saketi ndogo za kuprogramu kama Arduino) kwenye kompyuta kuukuu ya Ubuntu, aina ya Linux: ya kwanza inapima maji ya tangi, ya pili inawasha pampu, ya tatu inawasha joto la mashine ya kuangulia mayai. Programu yangu ilijua pampu ni /dev/ttyUSB1, jina ambalo Linux huipa poti ya bodi, basi. Juzi usiku stima ikapotea, ikarudi, kompyuta ikajiwasha yenyewe. Asubuhi tangi linafurika hadi kwa jirani wa chini, na mayai baridi kama mawe. Kumbe zile namba si mali ya bodi. Linux huzigawa kwa kufuata nani ameonekana kwanza. Amri ya joto, "1" (washa), ilikuwa inaenda kwa pampu, na amri ya pampu, "0" (zima), inaenda kwa mayai. Nyinyi mnafanyaje?

Dada wa Kasarani
Pole kaka, na pole kwa mayai. Mimi nilikimbilia folda ya /dev/serial/by-id, ambako kila bodi huitwa kwa jina la chipu na namba yake ya utambulisho. Raha tupu, mpaka niliponunua bodi mbili za bei nafuu zenye CH340, chipu inayounganisha bodi na USB. Hizo kwa kawaida hazina namba yoyote, kwa hiyo zote mbili ziligombania jina moja na moja ikapotea kwenye orodha. Nikahamia folda jirani, by-path, inayotaja tundu la USB badala ya bodi. Inafanya kazi vizuri kama hakuna mtu anayegusa kebo. Kwetu kuna watoto.

Mwisho nikaacha kuiuliza Linux, nikaiuliza bodi yenyewe. Kila moja nimeiandikia jina ndani ya programu yake. Kompyuta ikiwaka hufungua kila poti, hutuma "wewe nani?", husubiri jibu. Angalizo: Arduino Uno hujianzisha upya poti ikifunguliwa, kwa hiyo subiri kama sekunde 2 kabla ya kuuliza. Usiposubiri utaongea na ukuta, mimi niliongea nao wiki nzima.

Fundi wa Roysambu
Yangu ilikuwa inaonekana halafu inatoweka papo hapo. Nikalaumu kebo, nikalaumu muuzaji. Kuangalia dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za Linux, naona brltty ameing'ang'ania. Hiyo ni programu ya vifaa vya Braille, na kwenye Ubuntu 22.04 ilidhani CH340 (kitambulisho chake cha USB ni 1a86:7523) ni kifaa chake. Niliiondoa, ikaisha. Ila kama nyumbani kuna anayesoma kwa Braille, usiiondoe; zima ile kanuni moja tu ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) inayoipa brltty hiyo chipu.

Mgeni, Rongai
Mimi nikifungua poti ni "permission denied" (huna ruhusa) kila siku. Nilijiongeza kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti hizo, nikasahau kutoka na kuingia tena. Siku mbili hizo.

Mzee wa Luthuli Avenue
Vijana, mmesahau umeme. Nilichomeka ESP32 sita, bodi zenye Wi-Fi, kwenye habu ya USB isiyo na adapta yake ya umeme. Tundu la USB 2.0 linaahidi 500 mA, na Wi-Fi ikiwaka kwenye bodi zote, hesabu wenyewe. Zilikuwa zinaanguka moja moja kama maembe. Na kebo ya kuchaji simu tu haipitishi data, hata ukiiombea.

Mwenye mada, Umoja
Dada wa Kasarani, nimejaribu. Nimezichomoa zote, nikazichomeka kinyume makusudi, nikauliza "wewe nani?" Pampu imejibu, tangi limejibu. Ya mayai imekaa kimya, nikaongeza sekunde 1, ikasema "mayai". Jirani bado hajanisalimia.