Shikamoo asubuhi, barua ya onyo mchana: mfanyakazi mwenye umri wa baba yako unamwajibishaje?

Wakuu, nina miaka 33, nasimamia duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Mtunza stoo wetu ana 57, yuko pale tangu mimi niko sekondari. Kila asubuhi nampa shikamoo, naye ananijibu "marahaba mwanangu" mbele ya wote. Kuanzia hapo hata mimi sijui tena nani bosi wa nani.

Jumamosi mteja kalipia mabati 60 ya geji 28. Kompyuta inasema yapo 64. Fuso imeshaegeshwa, wabebaji wanahesabu: 38. Yale 26 mzee aliyatoa Alhamisi kwa simu ya mwenye duka, akayaandika kwa penseli kwenye kaunta buku lake kama siku zote, na hakukosea hata moja. Ila hakumwambia kijana wa kompyuta, wa miaka 24. Kijana naye hakuuliza, maana ni wiki ya tatu hawasemeshani. Akapaza sauti mteja akisikia: "Mzee, hilo daftari lako ndilo linatumaliza!" Mzee akafunga daftari, akalitia kwapani, akaondoka. Na funguo za stoo akaenda nazo.

Sasa mwenye duka kaniagiza kijana apewe barua ya onyo kwa utovu wa adabu, mzee "nizungumze naye kistaarabu". Naona tunamwonea kijana. Kakosa adabu, sawa, aandikiwe. Lakini angeondoka yeye katikati ya kazi na funguo mfukoni, leo tungekuwa tunatafuta mwingine. Tunasema ni heshima, kumbe tunaogopa tu kumwambia mkubwa kosa lake. Woga huohuo ndio uliofanya tulete kompyuta bila hata mmoja wetu kumketisha mzee akaelekezwa. Tulimruka tu. Mnaonaje, barua moja au mbili?

Mchangiaji, Tanga:
Dada yangu, mzee wa 57 ukimpa barua ndiyo umemfukuza, kesho humuoni. Aitwe pembeni na mtu wa makamo yake, tena mwenye duka mwenyewe, si ndiye aliyepiga simu ya Alhamisi? Halafu huyo kijana wenu, bila hilo daftari mngejua mabati yamekwenda wapi?

Mchangiaji, afisa rasilimali watu:
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo. Watu wanaichukulia kama kinga ya wazee, lakini kijana naye ana umri wake. Akifika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na barua yake, na mwenzake hana, mtajieleza vipi? Waite wote wawili, kila mmoja aseme lake, ndipo ushike kalamu.

Mwenye mada:
Nimewasikia. Wa Tanga umenikamata, mwenye duka sikuwa nimemhesabu kabisa kwenye hili. Leo mzee kafika saa mbili kasoro, kaweka funguo mezani kwangu kimya kimya. Nikampa shikamoo. Kaitikia "marahaba", ile "mwanangu" hakuiweka. Kikao ni saa nane, na mwenye duka nimemwambia naye aje akae upande ule wa meza.