Mrejesho: Tamasha letu la kuwachangia wajane wa askari, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza jinsi sisi wanamuziki wa Kamalondo, hapa mjini Lubumbashi, tungeweza kuchangisha fedha kwa ajili ya wajane na yatima wa askari wa FARDC, jeshi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bila fedha hizo kupotelea njiani. Nilifuata ushauri wenu: hatukumkabidhi kiongozi yeyote bahasha, bali akina mama wenyewe walichagua watatu miongoni mwao, wakahesabu mapato mlangoni mbele yetu, faranga kwa faranga. Umeme ulikatika katikati ya onyesho, nasi tukaendelea kwa gitaa kavu na ngoma, jambo ambalo, nakiri, liliwapendeza watu kuliko vipaza sauti vyetu vya kukodi. Karo ya watoto kumi na mmoja imelipwa moja kwa moja shuleni, na risiti ninazo. Deni la kodi ya chumba la mjane mmoja bado halijalipwa.